Kumaliza Kazi ya Marehemu: Simfoni ya Kumi ya Mahler na Suala la Mkono wa Mtunzi

Utangulizi

Siku tulipomaliza arobaini ya babu yangu kule Pangani, ami yangu aliniita chumbani akanikabidhi daftari moja lenye jalada gumu. "Wewe si ndiye unayesoma fasihi chuoni?" aliniambia. "Basi mmalizie mzee kazi yake, tuichapishe." Ndani ya daftari mlikuwa na utenzi wa safari ya jahazi. Beti 61 za kwanza zimekamilika, zimeandikwa kwa wino na kunakiliwa vizuri. Kuanzia ubeti wa 62 hadi wa 94, babu aliandika kwa penseli mshororo wa kwanza na wa mwisho tu wa kila ubeti. Mishororo miwili ya katikati haipo, isipokuwa vina vyake vimewekwa pembeni, kama mtu aliyepanga kigoda akisema nakuja sasa hivi.

Nilirudi chuoni na daftari hilo mkobani na msimamo mmoja kichwani: kazi ya marehemu haiguswi. Katika semina nilikuwa nimeshautetea msimamo huo kwa nguvu, tena nikishangiliwa. Mwalimu wa kwaya ninayoimba (mimi naimba tena) ndiye aliyenitia mashaka. Aliponisikia nikijigamba, aliniambia nikaisikilize Simfoni ya Kumi ya Gustav Mahler yote mpaka mwisho, kisha nirudi tuzungumze. Nilidhani ananitania, maana simfoni hiyo Mahler hakuimaliza. Sasa mwisho wake nitausikiliza wapi?

Makala hii inajadili historia ya simfoni hiyo: jinsi ilivyoachwa, jinsi ilivyofichwa, na jinsi ilivyosikika hatimaye mwaka 1964, miaka 53 baada ya mtunzi wake kufa. Nitajaribu kuonyesha kwamba swali tulilozoea kuuliza, yaani je, kazi ya marehemu iguswe au isiguswe, limekaa vibaya. Kutoiguisa nako ni aina ya kuihariri. Swali lenye maana ni kama uzi wa kazi upo, na kama mkono wa anayesaidia unaonekana.

Rasimu ya kiangazi cha 1910

Mahler alizaliwa mwaka 1860 huko Bohemia. Katika maisha yake alijulikana zaidi kama mwongozaji wa okestra kuliko kama mtunzi. Hadi mwaka 1907 aliongoza Opera ya Vienna, kisha akaenda kufanya kazi New York. Kwa sababu hiyo alitunga wakati wa likizo za kiangazi. Kwanza aliandika vidokezo. Halafu aliandika rasimu fupi, yaani muziki wote kutoka mwanzo hadi mwisho katika safu chache za mistari ya noti. Baada ya hapo aligawa sauti kwa vyombo vyote katika rasimu ya okestra, na mwisho akanakili nakala safi. Utaratibu huu ni muhimu tuukumbuke, kwani bila kuuelewa hatuwezi kujua simfoni hii ilikatika katika hatua gani.

Kiangazi cha 1910 alikuwa Toblach, kijiji cha milimani ambacho wakati huo kilikuwa Austria na leo kiko Italia. Hapo ndipo alipoiandika Simfoni ya Kumi, na hapo ndipo nyumba yake ilipotikisika. Mkewe, Alma, alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na kijana msanifu majengo, Walter Gropius. Barua ya kijana huyo, iliyokuwa ya mke, ilikuja na jina la mume juu ya bahasha, naye akaifungua. Mwezi Agosti Mahler alisafiri hadi Leiden, Uholanzi, kwenda kuzungumza na Sigmund Freud. Katika karatasi za simfoni hiyo yamo maneno aliyoyaandika kwa mkono wake katikati ya noti: malalamiko kwa Mungu, shetani anayecheza naye ngoma, na mwishoni kabisa ahadi ya kuishi na kufa kwa ajili ya mkewe, huku akimwita kwa jina la kudekeza.

Majira ya baridi yaliyofuata alirudi New York. Februari 1911 aliugua, bakteria wameshambulia moyo uliokuwa tayari na kasoro, na dawa za kuua bakteria hazikuwa zimegunduliwa. Alirudishwa Ulaya, akafa Vienna tarehe 18 Mei 1911. Alikuwa na miaka 50.

Aliacha nini basi? Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Aliacha kurasa 72 za rasimu ya okestra, kurasa 50 za rasimu fupi inayofuatana, na kurasa nyingine 44 za vidokezo na viraka. Simfoni ina sehemu tano. Sehemu ya kwanza, Adagio, na ya pili zimo katika rasimu ya okestra, ijapokuwa ya pili ina mapengo mengi. Sehemu ya tatu, fupi sana, inayoitwa Purgatorio, ina mwanzo wake tu katika okestra. Ya nne na ya tano zimo katika rasimu fupi peke yake.

Wenzangu wanaoimba kwaya watanielewa nikieleza hivi. Chukua karatasi ya wimbo wa sauti nne. Sauti ya soprano imeandikwa yote, kutoka kipimo cha kwanza hadi cha mwisho. Besi ipo mahali pengi. Alto na tena zinaingia, zinapotea, zinarudi. Je, wimbo huo haupo? Upo. Mtu anaweza kuuimba peke yake akitembea njiani, na akaujua unakokwenda na unakoishia. Ila kwaya nzima haiwezi kuuimba mpaka mtu akae azijaze alto na tena. Ndivyo ilivyo Simfoni ya Kumi: uzi haukukatika popote.

Mjane, daftari na miaka ya kimya

Alma alikaa na karatasi hizo zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1924 aliruhusu zipigwe picha na kuchapwa jinsi zilivyo, pamoja na yale maneno ya uchungu yaliyomhusu yeye mwenyewe. Mwaka huohuo mtunzi kijana Ernst Krenek, aliyekuwa mkwewe kwa muda mfupi, alitayarisha sehemu ya kwanza na ya tatu. Zikapigwa Vienna tarehe 12 Oktoba 1924, Franz Schalk akiongoza. Sehemu nyingine tatu zilibaki kwenye karatasi.

Watu kadhaa waliombwa wazikamilishe. Arnold Schoenberg, aliyemheshimu Mahler kama baba, hakukubali. Dmitri Shostakovich aliombwa pia, naye akakataa. Sababu zao zinafahamika: mtunzi mkubwa akikaa kujaza pengo la mwenziwe ataweka sauti yake tu, na kazi itakuwa na wenyewe wawili wanaogombana ndani ya nyumba moja.

Matokeo ya kimya hicho ndiyo yaliyonishtua zaidi. Kwa miongo mingi, alichokijua ulimwengu kuhusu simfoni hii kilikuwa hasa ile Adagio. Inaanza na viola zikiimba peke yake, bila mtu wa kuzisindikiza. Karibu na mwisho unatokea mlipuko wa noti tisa tofauti zinazopigwa kwa pamoja, tarumbeta ikiwa imeng'ang'ania noti moja ya juu kama kilio, kisha muziki unatulia na kufifia. Msikilizaji aliyepewa hiyo peke yake alitoka ukumbini akisema: Mahler alikufa akiwa amekwisha kuiaga dunia, hana la zaidi.

Lakini karatasi hazisemi hivyo. Mlipuko ule unarudi katika sehemu ya tano, na safari hii muziki hauishii hapo. Unaendelea hadi mahali pa utulivu na mapenzi. Kwa hiyo wale waliojiona wanamlinda Mahler kwa kutogusa kitu walikuwa wameshamwandikia mwisho ambao si wake. Walichapisha sura ya kwanza wakaiita riwaya.

Deryck Cooke na kazi yake

Deryck Cooke alikuwa mtaalamu wa muziki aliyefanya kazi BBC, London. Mahler alipokaribia kutimiza miaka mia tangu kuzaliwa, shirika hilo lilimtaka atayarishe maandishi kwa ajili ya maadhimisho ya mwaka 1960. Ili aandike aya chache kuhusu Simfoni ya Kumi ilimbidi azisome zile picha za mwaka 1924. Mwandiko ni wa kukimbizana, kurasa nyingine zimefutwafutwa. Alipozipanga akagundua kwamba kilichoitwa vipande kilikuwa muziki unaofuatana.

Akisaidiwa na Berthold Goldschmidt, mtunzi aliyekimbilia Uingereza kutoka Ujerumani ya Hitler, Cooke alinakili, akajaza na kugawa vyombo. Tarehe 19 Desemba 1960 BBC ilirusha hewani maelezo yake na muziki karibu wote, Goldschmidt akiongoza okestra ya Philharmonia. Pale ambapo hakuwa na uhakika, hasa katika sehemu ya pili na ya nne, aliacha pengo.

Alma, ambaye alikuwa New York na hakuwa amesikia chochote, alipiga marufuku isipigwe tena. Bruno Walter, mwanafunzi na rafiki wa Mahler, naye alikuwa amepinga. Kazi ikafungiwa kabatini kwa mara ya pili. Mwaka 1963, wakati Walter alikwisha kufariki, wapenzi wa muziki huo walimfikia yule mama wakamwomba asikilize tu kanda iliyorekodiwa. Akasikiliza. Tarehe 8 Mei 1963 alimwandikia Cooke barua ya kuondoa marufuku yote. Tarehe 13 Agosti 1964, katika ukumbi wa Royal Albert, London, simfoni ilipigwa sehemu zote tano, Goldschmidt akiongoza London Symphony Orchestra. Alma alifariki Desemba mwaka huohuo.

Mimi simlaumu yule mama kwa kukataa wala simsifu sana kwa kukubali. Karatasi zile zilikuwa na fedheha yake mwenyewe ndani. Lakini tuangalie kilichombadilisha. Hakuna hoja aliyoshindwa, alisikia. Karatasi za mumewe alikuwa nazo miaka hamsini na hazikumwambia kitu, kwa kuwa muziki ulio kwenye karatasi tu ni nusu ya muziki.

Cooke hakuishia hapo. Kurasa zaidi za vidokezo zilipopatikana, alirudi kazini pamoja na Goldschmidt na ndugu wawili watunzi, Colin na David Matthews. Toleo lililorekebishwa lilipigwa mwaka 1972 na kuchapishwa mwaka 1976, mwaka aliofariki Cooke mwenyewe.

Kuna mambo mawili katika toleo hilo ambayo sisi wa fasihi tunapaswa kujifunza. La kwanza ni jina lake. Cooke hakuiita simfoni iliyokamilishwa. Aliiita toleo la kupigwa la rasimu ya Simfoni ya Kumi. Alisisitiza kwamba Mahler angeishi angebadilisha mengi, na hayo hakuna binadamu awezaye kuyajua. La pili ni ukurasa wenyewe. Chini ya nakala ya okestra imechapwa rasimu ya Mahler, ili anayesoma aone noti za marehemu ni zipi na za msaidizi ni zipi. Ukitaka kumshtaki Cooke, ushahidi amekupa yeye mwenyewe.

Mfano mmoja utatosha. Kati ya sehemu ya nne na ya tano kuna ngoma iliyozibwa sauti, inapigwa pigo moja, kimya, pigo jingine. Alma alisimulia kwamba asili yake ni maziko ya mzimamoto waliyoyaona kupitia dirisha la hoteli yao New York mwaka 1908. Mahler aliliandika pigo hilo kwenye rasimu, na kando yake akamwandikia mkewe kwamba yeye peke yake ndiye anayejua maana yake. Cooke hakulibuni, alilikuta. Lakini ngoma iwe kubwa kiasi gani, na ipigwe kwa nguvu gani? Hapo ndipo waongozaji wa okestra wanapohitilafiana hadi leo, na kila mmoja anaweza kufungua ukurasa kutetea hoja yake.

Hoja za wapinzani

Nisiwatendee haki wapinzani nitakuwa nahubiri, na hapa si mahali pake. Erwin Ratz, aliyesimamia uchapishaji wa kazi za Mahler huko Vienna, alikataa katakata na mwaka 1964 akatoa Adagio peke yake. Leonard Bernstein, aliyempenda Mahler kuliko wengi, hakuwahi kuongoza toleo la Cooke. Hoja yao ina uzito: Mahler alikuwa mtu wa kurekebisha. Simfoni ya Tano aliendelea kuirekebisha miaka mingi baada ya kuipiga hadharani. Rasimu kwake ilikuwa njia, na njia si mji.

Nakubali. Lakini Simfoni ya Tisa na Das Lied von der Erde hakuwahi kuzisikia zikipigwa, kwa hiyo hakupata nafasi ya kuzirekebisha kwa sikio. Aliyezipiga mara ya kwanza, mwaka 1911 na 1912, ni yuleyule Bruno Walter. Ni kweli kwamba hizo Mahler alizigawa vyombo mwenyewe hadi mwisho. Hata hivyo tofauti iliyopo ni ya kiasi, haikuwa ukuta kama walivyotaka tuamini.

Wala sidai kwamba kila kazi iliyoachwa ikamilishwe. Edward Elgar alipofariki mwaka 1934 aliacha vidokezo vya Simfoni ya Tatu, zaidi ya kurasa 130, lakini vilikuwa vipande visivyofuatana, na alikuwa amemsihi rafiki yake asiruhusu mtu kuvichezea. Anthony Payne aliviunganisha, ikapigwa London tarehe 15 Februari 1998. Ni muziki mzuri, nami nimeufurahia. Ila hapo Payne ilimbidi atafute njia yenyewe, siyo kuitandika tu. Mwaka 2021 huko Bonn ilipigwa iliyoitwa Simfoni ya Kumi ya Beethoven, ikiwa imetengenezwa na kompyuta kutokana na vidokezo vichache mno. Hapo uzi hakuna, na mkono nao haujulikani ni wa nani.

Tusidhani pia kwamba suala hili ni la Wazungu na okestra zao. Mashairi ya Muyaka bin Haji tunayoyasoma yalikusanywa Mombasa miongo mingi baada ya kifo chake mwaka 1840, Mwalimu Sikujua akiyatafuta kwa waliokuwa wakiyakumbuka na kumpatia W. E. Taylor, hadi W. Hichens alipoyachapisha mwaka 1940. Mikono mingapi imepita humo? Tunapochambua vina na mizani ya Muyaka tunachambua pia masikio ya waliohifadhi. Tunawashukuru, na ni haki. Ila laiti kila mkono ungeacha alama yake, kazi yetu wahakiki ingekuwa nyepesi zaidi.

Hitimisho

Nilimrudia mwalimu wa kwaya baada ya kuisikiliza simfoni mara tatu. Sehemu ya tano ndiyo iliyonimaliza. Baada ya zile ngoma za maziko inaingia filimbi moja, taratibu, na wimbo ambao laiti Cooke angeogopa ungekuwa bado umefungwa kwenye karatasi. Mwalimu hakuniuliza kama imenipendeza. Aliniuliza tu: "Haya, na daftari?"

Nikalifungua upya. Katika ubeti wa 61, pale wino unapoishia, jahazi limo katikati ya tufani na tanga limechanika. Nikichapisha beti 61 peke yake kwa kisingizio cha heshima, nitakuwa nimewazamisha mabaharia wote. Babu hakuwazamisha. Mishororo yake ya penseli inaonyesha wazi kwamba upepo unatulia, wanaiona minazi, wanashuka pwani, na ubeti wa 94 unafunga kwa dua kama ilivyo desturi ya tenzi. Uzi upo. Kinachokosekana ni mishororo 66 ya katikati, na vina vyake ameviacha.

Basi nimeamua kuijaza. Mishororo ya babu itachapwa kwa herufi za kawaida, yangu kwa herufi za mlazo, na chini ya kila ukurasa itawekwa rasimu yake ya penseli kama alivyoiacha, hata pale alipokosea mizani. Jalada litasema ni utenzi wake, na ndani itaelezwa kwamba alifariki kabla hajaumaliza.

Ami yangu hajaridhika. Anaona herufi za mlazo zinamwaibisha mzee, kana kwamba tunawatangazia watu kuwa alishindwa. "Andika tu yote sawasawa," anasema, "nani atajua?" Nimemjibu kwa heshima kwamba mimi nitajua. Hadi sasa nimejaza mishororo tisa, na miwili kati ya hiyo nimekwisha kuifuta.